Mtoto Aanzapo Kutambaa

Nyumba hujaa furaha siku ile mtoto aanzapo kutambaa. Baba arudipo jioni kutoka shambani au afisini, humwona akimjia mlangoni, naye husahau uchovu wote. Lakini furaha hiyo ina mashaka yake, kwa kuwa kila aokotacho mtoto hukitia kinywani, pamoja na uchafu uletao kuhara.

Wako wazazi ambao, wamwonapo mtoto akihara, humnyima maji wakidhani kuwa ndiyo yaongezayo ugonjwa. Kosa hilo ni kubwa. Kinachomwua mtoto ni kukaukiwa na maji mwilini. Yafaa anyonyeshwe zaidi ya desturi, tena apewe dawa ya maji ya chumvi itolewayo zahanati. Ikikosekana, mama achemshe maji lita 1, yapoe, atie sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote bila kilele, amnyweshe kidogo kidogo. Chumvi isizidi, maana hudhuru.

Macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitali mara moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.