Dawa amemaliza, kipimo bado chasema malaria

Mama mmoja jirani yangu alinijia juzi akiwa na hasira. Mwanawe aliugua malaria, akamaliza dawa za siku 3, akapona. Baada ya wiki 2 homa ikarudi, na kipimo cha haraka kikatoa mstari uleule. "Kaka, walinipa dawa za bandia," akasema. Fedha za kununulia dozi nyingine alikuwa nazo mkononi.

Ndugu msikilizaji, nilimsihi turudi kwanza kwa mtaalamu wa maabara. Tuliyoelezwa ndiyo nawaletea leo.

Vipimo vya haraka si vya aina moja. Kile alichopimwa mtoto hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo vimelea huiacha katika damu. Protini hiyo yaweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Moto umezimika, lakini moshi bado umejaa jikoni.

Aina nyingine hutafuta kimeng'enya kiitwacho LDH, ambacho kimelea hukitumia kujipatia nguvu kutoka kwenye sukari. Vimelea vikifa, hicho hutoweka upesi zaidi, kwa kawaida katika siku chache.

Lakini hata mwili wa binadamu una LDH yake. Je, kipimo kitamtambuaje mgeni na mwenyeji? Hapo ndipo inapohitajika kingamwili, yaani ile kinga ambayo mwili huitengeneza ili kumkamata adui. Panya akidungwa kimeng'enya cha kimelea hutengeneza kingamwili za namna nyingi, na baadhi huweza kushika hata kile cha binadamu.

Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani, ambayo huzaliana bila kukoma. Uzao wote wa seli moja ya namna hiyo hutoa kingamwili ya namna moja tu. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Kwa njia hiyo wataalamu huchagua kingamwili inayokamata LDH ya kimelea na kuiacha ya binadamu, wakaiweka kwenye ule ukanda wa kipimo. Watafiti nao huitumia kujaribia dawa mpya: kimeng'enya kikipungua, wanajua vimelea vinakufa.

Tuje kwa yule mtoto. Damu yake ilipotazamwa kwa hadubini, hakikuonekana kimelea hata kimoja. Homa ilitokana na sikio lililotunga usaha. Dozi ya pili ya malaria isingelitibu sikio lile.

Basi, ndugu msikilizaji, usiache kupima, na dozi uimalize. Homa ikirudi, mwambie mganga tarehe uliyotumia dawa, naye atajua kipimo gani kinafaa. Usikimbilie duka la dawa kwa sababu ya mstari peke yake.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, inshallah.