Mama kijacho na dawa ya rangi mbili

Kapsuli za amoksilini za viwanda vingi ni nyekundu na njano. Za tetrasaiklini nazo huweza kufanana nazo. Kwa hiyo mama kijacho ambaye mkojo unamchoma, akaingia duka la dawa na kuomba "rangi mbili", anaweza kutoka na dawa ambayo wajawazito wameitumia kwa miongo mingi bila shida. Anaweza pia kutoka na ile ambayo, mimba ikishapita mwezi wa nne, hujipachika kwenye mifupa na meno yanayojijenga tumboni, na meno ya utotoni yakaja kuota na madoa ya njano au kahawia.

Naanza na rangi kwa sababu swali ninaloulizwa kila mara, kama mjamzito anaruhusiwa antibiotiki, halijibiki kwa ndiyo au hapana. Ni antibiotiki gani? Mimba ina wiki ngapi? Inatibu nini?

Chukua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, maana ndiyo inayowafikisha wengi kwenye dawa hizi. Katika ujauzito homoni ya projesteroni hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, huku mfuko wa uzazi unaokua ukiibana. Mkojo unatuama, na bakteria waliotoka kwenye utumbo, hasa E. coli, wanapata pa kuzaliana. Mwanamke asiye mjamzito akikutwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote, kwa kawaida hatumpi dawa. Mjamzito tunamtibu. Wasipotibiwa, karibu robo yao au zaidi bakteria hupanda hadi kwenye figo, ikafuata homa kali na kutetemeka, na wengine huanza uchungu kabla ya siku zao. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka mama huyo apewe antibiotiki kwa siku 7 hata kama haumwi popote. Hapo kukataa dawa eti kwa kumhurumia mtoto ndiko kunakomponza mtoto.

Ila majibu ya UTI siku hizi yanagawiwa kama njugu. Kukojoa mara kwa mara ni kawaida ya mimba, na kipimo cha kijiti pekee hudanganya, hasa mkojo ukikingwa ule wa mwanzo badala ya ule wa katikati. Kuotesha mkojo maabara huchukua siku mbili tatu, lakini hutaja mdudu pamoja na dawa inayomuua. Pale huduma hiyo ilipo, mama aidai.

Amoksilini, sefaleksini na erithromaisini ndizo tunazozishika kwanza. Nitrofurantoini ni nzuri kwa kibofu, ila mimba ikikaribia kutimia tunaiweka kando kwa sababu inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga. Doksisaiklini ni ndugu wa tetrasaiklini, kwa hiyo nayo tunaiepuka. Siprofloksasini huachwa kama ipo nyingine inayofaa, na streptomaisini imewahi kuharibu usikivu wa watoto wakiwa tumboni.

Septrin inahitaji maneno zaidi. Huua bakteria kwa kuwazuia kutumia foliki asidi, na foliki asidi ndiyo hiyo hiyo mtoto anayoihitaji wiki za mwanzo ili uti wa mgongo ufunge vizuri. Wiki za mwisho nayo inaweza kumzidishia mtoto manjano. Kwa UTI, basi, tunatafuta nyingine nyakati hizo. Lakini mama anayeishi na VVU aliyeandikiwa Septrin ya kila siku asije akaiacha kwa kusoma makala hii: kwake faida ni kubwa kuliko hofu. Anachotakiwa ni kuitaja kliniki, kwa sababu hapaswi kuongezewa SP, vile vidonge vya kinga ya malaria. Zote mbili zina salfa, na madhara yake hujazana.

Kuna na sindano ya penisilini kwa kaswende. Hiyo ndiyo dawa pekee iliyothibitika kumtibu mama na mtoto aliye tumboni kwa pamoja; erithromaisini haivuki kondo la nyuma vya kutosha. Kwa hiyo ukisema "nina aleji ya penisilini", eleza kilichokupata: kuvimba midomo, kubanwa pumzi, vipele, au tumbo tu lilivurugika? Tumbo kuvurugika peke yake si aleji, na wengi wanaosema wana aleji hii wakipimwa vizuri hawanayo.

Dukani, taja kwanza wiki za mimba, onyesha kadi ya kliniki, kisha soma jina lililochapwa nyuma ya karatasi ya vidonge. Muuzaji akikukatia kapsuli nne ndani ya bahasha isiyo na jina, mrudishie. Na ukiwa na homa, maumivu ya kiuno upande mmoja na kutapika, dukani usipite kabisa: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani maambukizi ya figo kwa mjamzito huanza kutibiwa kwa sindano.