Uhuru wa Burundi na Tarehe ya Askari Kuondoka

Tarehe 1 Januari 1961, askari wa Kanali Mobutu walitua kwa ndege Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura. Wabelgiji hawakuwazuia. Waliwapakia kwenye malori hadi mpaka wa Kongo, wakaishambulie Bukavu iliyokuwa mikononi mwa wafuasi wa Patrice Lumumba. Shambulio lilishindwa. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alilalamika, na haki ilikuwa upande wake: Urundi haikuwa mali ya Ubelgiji. Ilikuwa nchi ya udhamini, na mdhamini hana ruhusa ya kuigeuza njia ya kumvamia jirani.

Warundi walikwisha kuzijua amri za askari wageni. Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliiteka Gitega kutoka kwa Wajerumani. Vita vilipokwisha, Uingereza na Ubelgiji zikagawana ardhi mezani, na Bugufi ikakatwa kutoka Urundi ikatiwa Tanganyika. Hadi leo mtu wa Giteranyi, kule Muyinga, akivuka kwenda Ngara huelewana na wenyeji kwa Kirundi chake. Wazee wa pande zote mbili hawakuulizwa lolote.

Septemba 1961 chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilishinda viti 58 kati ya 64. Ulinzi wa nchi, hata hivyo, ulibaki kwa Ubelgiji. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore, akiwa Waziri Mkuu, aliuawa kwa risasi Usumbura.

Hatari ya kupewa uhuru huku majeshi ya mkoloni yangalipo ilikwisha kuonekana Kongo. Nchi hiyo ilijitawala 30 Juni 1960. Hazikupita wiki mbili, askari wa Ubelgiji wakaingia mijini kwa hoja ya kuwalinda raia wao, na Katanga ikajitenga chini ya kivuli chao.

Kwa sababu hiyo azimio namba 1746 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la 27 Juni 1962, lina uzito wa pekee. Halikuishia kutangaza kwamba udhamini ungekoma 1 Julai. Lilisema pia kwamba askari wa Ubelgiji waliosalia hawakuwa tena na kazi Rwanda wala Burundi, na kwamba wawe wameondoka ifikapo 1 Agosti. Walimu wa historia wa Gitega na Muyinga wanapofundisha 1 Julai, waifundishe na tarehe hiyo ya pili.