Jinsi ya Kukadiria Uzito wa Roli la Brasi Kabla ya Kulipa

Mafundi wa jua kali wanaotengeneza urembo, bawaba na mapambo ya masanduku hununua mikanda ya brasi, yaani shaba ya manjano, ikiwa imeviringishwa kwenye roli. Bei ni ya kilo, hivyo kosa dogo kwenye mizani humla mnunuzi faida yake yote. Hata hivyo, futi ya kupimia na simu yenye kikokotoo zinatosha kumpa fundi makadirio ya kuaminika.

Pima kwa sentimita vitu vitatu: kipenyo cha nje cha roli, kipenyo cha tundu la katikati, na upana wa mkanda.

Chukua mfano wa roli lenye kipenyo cha nje cha sentimita 40, tundu la sentimita 20 na mkanda wa upana wa sentimita 5.

1. Zidisha 40 kwa 40, upate 1,600. Zidisha 20 kwa 20, upate 400. Toa: inabaki 1,200.
2. Zidisha 1,200 kwa upana, 5: ni 6,000.
3. Zidisha kwa 0.785: ni 4,710. Huo ndio ujazo kwa sentimita za ujazo.
4. Zidisha kwa 8.5, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya brasi ina takriban gramu 8.5. Jibu ni gramu 40,035, yaani kama kilo 40.

Kwa shaba nyekundu tumia 8.9, chuma cha pua 7.9, na aluminiamu 2.7.

Hesabu hii huchukulia kwamba mkanda umekazwa bila nafasi. Roli lililolegea litakuwa jepesi zaidi. Kwa hivyo, mizani ikionyesha kilo 46 kwa roli la mfano huu, muulize muuzaji: je, kuna mbao au kifungashio kilichopimwa pamoja na mkanda? Omba lipimwe upya likiwa tupu.

Makadirio hayachukui nafasi ya mizani. Chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, mizani ya biashara sharti iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri. Mkazi anayeshuku mizani anahimizwa kuandika tarehe, mahali na uzito aliosomewa, kuhifadhi risiti, kisha kuripoti kwa afisa wa mizani na vipimo wa kaunti.