Mbabula Ibaki Nje ya Remorke

Ndugu mfanyakazi, kiangazi kikifika, kazi ya jioni katika malupangu yetu ya Likasi hubadilika. Jembe linapumzika. Mahali pake unaona mashini ya kusudira, mabati, mbao za tripleks, na remorke ndogo iliyopandishwa juu ya matofali. Mwenyewe ni fundi wa atelie: mchana anatengeneza vyuma vya kampuni, jioni anatengeneza vyake. Remorke iliyokuwa ikibeba magunia ya makala na ya unga sasa inawekewa ukuta, paa, mlango na kitanda, na nyuma yake sanduku la sufuria. Likizo ikija, ataifunga nyuma ya jipu, apeleke jamaa yake kando ya ziwa la Mwadingusha, au mbali zaidi, juu ya Kundelungu, watoto wakaone maporomoko ya Lofoi.

Hatuandiki ili kumkataza. Maji ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300, ndani ya hifadhi iliyoundwa mwaka 1970, na ni haki ya mtoto wa Katanga kuyaona kwa macho yake kabla ya kuyaona katika kitabu cha shule. Tena baba aliyekaa mwaka mzima katika kelele za mashini anahitaji siku chache za kimya. Lakini wewe unayejenga nyumba hiyo ndogo ya magurudumu, je, umefikiri juu ya hewa watakayovuta watoto wako usiku mlango ukiisha kufungwa?

Sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda. Uwanda wa Kundelungu uko juu, na mwezi wa sita na wa saba usiku wake ni wa baridi kali. Chuma cha remorke kinapoa upesi kuliko ukuta wa matofali. Mtoto mdogo anaanza kulia. Mama anasema: "Baba Fulani, watoto wanaona baridi." Nje kuna mbabula iliyopikia bukari; moshi umekwisha, makala yamekuwa mekundu, mazuri, na majivu yameyafunika. Baba anaibeba, anaiweka karibu na mlango kwa ndani, anafunga. Joto linakuja. Kila mtu analala.

Moto usio na moshi ndio unaodanganya watu. Moshi ungewafanya wakohoe na kufungua mlango. Makala mekundu hayatoi moshi, lakini yanatoa gazi iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Makala yaliyofunikwa na majivu nayo yanaendelea kuitoa, hata kama unaona moto unakufa.

Fanya hesabu pamoja nami. Sanduku la urefu wa mita 2.40, upana mita 1.50 na kimo mita 1.20 lina hewa ya mita za ujazo 4 na kidogo, yaani kama lita 4,300. Hewa ikiwa na sehemu 1,600 za gazi hiyo katika milioni, kichwa kinauma na kuzunguka ndani ya dakika 20, na mtu anaweza kufa chini ya saa 2. Katika sanduku lako kipimo hicho ni lita 7 hivi za gazi, uzito wake gramu 8 hivi. Kilo moja ya makala ikiungua hutoa gazi hiyo gramu 200 hivi. Basi, sanduku likiwa limefungwa kabisa, makala ya gramu 40 yanatosha. Gramu 40 ni vipande vinavyoingia katika kiganja kimoja. Mbabula iliyopikia jamaa yote ina mara ngapi ya hayo?

Utaniambia: "Remorke yangu haikufungwa kabisa, ina nyufa." Je, ni kweli? Umetumia jioni ngapi kuweka mpira kuzunguka mlango ili vumbi jekundu la barabara lisiingie? Fundi mbaya ameacha nyufa bila kutaka, na nyufa hizo pengine zitamsaidia. Fundi hodari, anayepima vizuri na kuziba vizuri, ndiye aliyetengeneza sanduku la hatari zaidi. Kwa hiyo maneno haya tunayasema kwanza kwa mafundi wetu walio bora.

Gazi hiyo inafanya nini mwilini? Damu yetu ina kazi ya kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Monoksidi ya kaboni inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiisha kukaa, oksijeni haipati nafasi. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini bongo na moyo havipati chakula chao. Kwanza kichwa kinauma, kisha kichefuchefu, kisha magoti yanalegea. Huyo aliyeamka na kufahamu hatari mara nyingi hana tena nguvu ya kufikia kitasa. Watoto wadogo wanapigwa mbele ya wakubwa, kwa kuwa wanavuta pumzi upesi. Na mama mwenye mimba anaweza kupona yeye, lakini mtoto aliye tumboni hukaa na gazi hiyo muda mrefu kuliko mama yake.

Wachimbaji wa zamani waliijua. Mwishoni mwa karne ya 19 mganga mmoja wa Scotland, John Scott Haldane, alichunguza watu waliokufa katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe, akaona wengi hawakuuawa na moto bali na gazi hii. Ndiye aliyeshauri kushuka na mnyama mdogo, na migodi ya Uingereza iliendelea kutumia ndege wa kanari mpaka mwaka 1986. Leo mfanyakazi wa chini ya ardhi anajua vizuri kwamba haingii mahali pasipopimwa hewa. Ni ajabu mtu huyohuyo akienda likizo anawalaza watoto wake katika shimo dogo la bati bila kipimo chochote.

Basi tengeneza hivi. Toboa matundu mawili, moja chini karibu na sakafu, lingine juu karibu na paa, katika kuta mbili zinazotazamana. Kila moja lisiwe dogo kuliko kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Uyafunike kwa wavu wa waya ili mbu wasiingie, lakini usiyawekee kifuniko cha kufunga usiku. Tundu linaloweza kufungwa litafungwa siku ya baridi, yaani siku ileile linapohitajiwa. Kama unaogopa vumbi la njiani, weka kifuniko cha nje kinachofungwa kwa parafujo wakati wa mwendo, na kiondolewe kabla ya kutandika kitanda. Wengine wanaweka tundu la mbele lenye mdomo wa kukamata upepo: motokari ikienda, hewa inasukumwa ndani na vumbi la nyuma halipati nafasi ya kuingia. Hiyo ni akili nzuri.

Matundu hayo ni kwa ajili ya pumzi tu. Watu wazima 4 waliolala hutoa hewa iliyotumika karibu lita 50 kila saa. Katika sanduku lililofungwa, baada ya saa 3 imekwisha kuwa asilimia 3 na zaidi, na mtu anaamka na kichwa kizito hata bila moto wowote. Usifikiri kwamba ukiisha kutoboa una ruhusa ya kuingiza mbabula. Tena usifikiri kwamba gazi ya makala inakaa chini, kwa hiyo anayelala juu ni salama. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa. Inajaa kila mahali.

Baridi tutaishindaje? Baridi ya remorke inatoka chini zaidi kuliko juu. Weka sakafu ya mbao juu ya ile ya bati, na kati yao uache nafasi. Kisha godoro la musi, kisha blanketi moja chini ya mwili kabla ya zile za juu. Chemsha maji nje, yatie katika chupa zinazofungwa vizuri, zifunge kwa kitambaa, ziweke miguuni pa watoto. Zinakaa na joto mpaka usiku wa manane. Kofia na soksi pia, hata kama vijana wanacheka. Na mbabula? Iache mbali upande ambao upepo unaelekea, siyo chini ya remorke, siyo karibu na tundu la hewa. Grupu la umeme na injini ya jipu ni vilevile: moshi wao una gazi hiyohiyo. Usiwashe injini ili kuwapa watu joto huku remorke imesimama nyuma ya bomba lake.

Kuna gazi nyingine inayokuja kabla ya safari, wakati wa kujenga. Mabati mengi yamechovywa katika zinki. Ukiyasudira au kuyakata kwa moto, zinki inageuka moshi mweupe. Anayefanya kazi hiyo ndani ya sanduku, ameinama, anauvuta wote. Jioni hasikii kitu. Usiku anaanza kutetemeka, homa inapanda, mdomo una ladha tamu ya chuma, koo limekauka. Anasema ni malaria, anameza dawa, na kesho yake au kesho kutwa amepona, anasifu dawa. Sisi wa dispansere tukipima damu yake hatuoni mdudu wa malaria. Ile ilikuwa homa ya zinki, na ataipata tena akirudia. Kwangua zinki kwa upana wa vidole vitatu kila upande kabla ya kusudira, fanya kazi nje na upepo upite ubavuni mwako, na mwambie mganga ulikuwa unasudira nini. Kifua kikibana na pumzi zikiwa fupi, usingoje kesho.

Uliza pia remorke hiyo ilibeba nini kabla yako. Likasi siyo mji wa ndizi tu. Remorke iliyobeba mawe ya kobalti ina vumbi katika kila kona, chini ya mbao, ndani ya vyuma vya pembe. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo, na watoto ndio waliozidi. Tena sisi tuko karibu na Shinkolobwe, palipotoka uraniamu ya mabomu ya mwaka 1945. Kama huwezi kujua mawe yaliyobebwa yalitoka wapi, nunua remorke nyingine. Ile iliyobeba makala au unga ing'olewe mbao za zamani, ioshwe kwa maji mengi, isifagiliwe kavu. Na pipa lililokuwa na asidi au dawa za kiwanda haligeuki pipa la maji ya kunywa, hata ukiliosha mara kumi na harufu ikaisha.

Juu ya barabara nitasema machache, kwa sababu madereva wanaijua kuliko mimi. Maji ni mazito: lita 100 ni kilo 100. Yaweke chini, mbele kidogo ya chuma kinachobeba magurudumu, ili mkono wa kuvutia ubebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Ukiweka uzito nyuma, remorke inaanza kuyumba na kuivuta motokari. Ukiweka juu ya paa, inapinduka kwenye mfereji wa kwanza. Pine ziwe sawa na za jipu, ili ile ya akiba itumike pande zote mbili. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kulabu. Na mtu asipande ndani wakati wa mwendo, hata mtoto aliyelala, hata kwa kilometa mbili.

Na wewe mama unayesoma ukurasa huu, shika hili. Kama asubuhi jamaa yote inaumwa kichwa na kutapika pamoja, bila homa, na wakitoka nje wanajisikia afadhali, hiyo si malaria wala chakula kibaya. Ukikuta watu hawaamki, fungua milango yote kwanza. Vuta pumzi nje, ishike, ingia, mvute mmoja, toka, pumua, rudi. Usitambae ndani kumwita kwa jina. Mgodini tunajua jinsi mwokozi anavyolala juu ya yule aliyekwenda kumwokoa. Anayepumua alazwe ubavu. Asiyepumua apuliziwe hewa mdomoni. Usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi: gazi haiko tumboni, na aliyezimia atavuta mafuta hayo mapafuni. Mpeleke lopitali penye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida damu inachukua saa 4 au 5 kupunguza nusu ya gazi hiyo; kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu. Hata aliyeamka na kusema amepona aende, kwa maana kusahau na kuchanganyikiwa vinaweza kutokea baada ya siku nyingi.

Ukifika lopitali, neno lako la kwanza liwe: "Walilala na moto ndani." Usione haya kulisema.

Kwa wenye remorke zilizo bado juu ya matofali, mje dispansere baada ya kazi, na kipimo cha urefu, upana na kimo kimeandikwa kwenye karatasi. Tutahesabu matundu pamoja kabla hujapaka rangi.