Sumu Inayoteka Mjumbe wa Seli
Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara hadi Pangani, kikavuka bahari mpaka Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja, aliifuatilia njia hiyo na kuieleza katika kitabu kilichotoka 1876. Namna ugonjwa unavyomkausha mtu ilikuja kujulikana karne iliyofuata.

Ili kuielewa, tuanze na jinsi seli inavyopokea habari. Homoni nyingi haziingii ndani ya seli. Hubisha hodi kwenye kipokezi kilicho katika utando wake. Kipokezi huamsha protini G, kisha hutengenezwa saikliki AMP, mjumbe wa pili anayesambaza habari ndani. Kazi ikiisha, protini G hujizima yenyewe. Mjumbe huyo aligunduliwa na Earl Sutherland wa Marekani, mshindi wa Nobel ya 1971.

Sumu ya kipindupindu huizuia protini hiyo isijizime. Saikliki AMP hujaa katika seli za utumbo, milango ya kloridi hubaki wazi, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa!

Bahati njema, njia inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja haiguswi. Hapo ndipo ORS, mchanganyiko wa kunywa wa maji, chumvi na sukari, inapopitia, chumvi na sukari zake zikivuta maji kurudi mwilini huku sumu ingali kazini. Mgonjwa aanze kunyweshwa mapema, hata akiwa njiani kwenda zahanati.