Manjano Husaidia Dawa, Hayachukui Nafasi Yake

Wapo ndugu zetu wanaougua kwa miaka uvimbe na vidonda vya utumbo mpana. Tumbo husokota, choo huwa na damu, mwili hudhoofu. Maradhi hutulia, kisha hurejea. Mara kadhaa baada ya swala tumeulizwa: je, manjano yatosha kuwa tiba?

Manjano yalijaribiwa nchini Japani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 89 ambao maradhi yao yalikuwa yametulia waligawanywa makundi mawili. Kwa miezi 6, kundi moja lilipewa kila siku gramu 2 za kurkumini, kiini cha manjano. Jingine vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la kwanza maradhi yaliwarudia 2 kati ya 43 waliopimwa; katika la pili, 8 kati ya 39.

Kheri hiyo si ya kubezwa. Lakini makundi yote mawili yaliendelea kumeza dawa za hospitali. Tena kurkumini ni sehemu ndogo tu ya unga wa manjano. Kijiko cha mchuzini hakifikii kipimo hicho.

Vitamini nazo zina mahali pake. Sulfasalazini, mojawapo ya dawa hizo, huzuia mwili kufyonza asidi ya foliki, hivyo daktari huweza kumwongezea mgonjwa.

Basi tunausia: asiache mtu dawa kwa siri. Mwelezeni daktari kila mnachotumia, hata habbat sauda. Kufuata tiba hakupingani na kutawakali. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.